Pointi za tenisi zina tarehe ya kuisha, kama mega

Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, asubuhi ya baridi na vumbi, nilisimama chini ya mwavuli wa kijana anayeuza mega, yaani bando za intaneti za simu, karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Nilitaka mega za siku saba, niende zangu. Nikakuta kesi imeshaanza. Papa mmoja, yaani mzee, mstaafu, koti la sufu limefungwa mpaka shingoni, alikuwa ameinyoosha simu mbali na macho yake kama mtu anayesoma barua ya mahakama. "Mboko," akasoma. "Mboko! Ile jina ni ya kwetu."

Ni kweli, ni ya kwetu. Usiku huo, sisi tukiwa tumelala, Victoria Mboko, binti mcheza tenisi wa miaka 18, alikuwa amemfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1 mjini Montréal na kubeba kombe la Canadian Open. Osaka si mtu wa kuokotwa njiani: ana mataji 4 ya Grand Slam, yale mashindano makubwa kuliko yote ya tenisi. Mboko alizaliwa Charlotte, Marekani, kwa wazazi waliotoka Kinshasa, akakulia Kanada, na bendera anayochezea ni ya Kanada. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa wa 85 duniani. Jumatatu iliyofuata akawa wa 24.

Namba hizo mbili ndizo zilizoleta mzozo. Kijana wa mega akauliza: "Papa, ginsi gani mutu anaruka bantu makumi sita kwa mara moya?" Papa akajibu bila kusita: "Ni makuta. Kanada iko na makuta." Yaani pesa. Baada ya wiki chache Mboko akatolewa raundi ya kwanza ya US Open na Barbora Krejčíková, na mwavuli ule ule ukabadilisha hukumu: sasa ikawa alibahatisha tu, na kwamba "batamurudisha kwenye nafasi yake". Hakurudishwa. Hilo likazidi kuwachanganya watu: yaani ukishinda unaruka, ukishindwa hushuki?

Nimeona watu wengi wakibishana hivi, na kosa ni moja. Tunaitazama tenisi kwa macho ya mpira wa miguu. Tukiweka Mazembe pembeni kidogo, mambo yatanyooka.

Mchezaji wa TP Mazembe ana klabu. Klabu inampa mshahara, basi, tiketi, daktari na jezi. Akikaa benchi mechi tatu, mwezi ukiisha bado anangoja mshahara wake. Mchezaji wa tenisi wa kulipwa hana klabu ya namna hiyo. Anafanana zaidi na mama anayekwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kununua bidhaa: nauli yake, chakula chake, malazi yake, na hasara pia ni yake. Akifika sokoni akakuta bei mbaya, hakuna wa kumrudishia nauli. Tofauti ni kwamba Kasumbalesa ya mcheza tenisi inahama kila wiki: leo Melbourne, mwezi ujao Doha, kisha Miami, kisha Roma. Na kocha anayemwona amekaa jukwaani haletwi na shirikisho kwa hisani. Mara nyingi ni mchezaji mwenyewe anayemlipa.

Sasa pointi. Kila shindano lina pointi zake, na mashindano mengi makubwa yamepewa jina kwa pointi za mshindi. Shindano la "1000" linampa bingwa pointi 1,000, la "500" pointi 500, la "250" pointi 250. Juu ya yote kuna Grand Slam nne, yaani Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open, ambako bingwa anapata 2,000. Anayepoteza fainali ya Grand Slam anapata 1,300, na anayepigwa raundi ya kwanza anaondoka na 10. Montréal ni shindano la 1000. Huko chini kabisa, ambako kamera haziendi, kuna mashindano ambayo bingwa wake anapata pointi 15.

Orodha ya dunia ni jumla ya pointi hizo kwa wiki 52 zilizopita, zikihesabiwa katika mashindano yake bora tu, yasiyofika 20. Ni hivyo tu. Haiulizi nani mkali zaidi leo, nani mzuri machoni, wala nani alimfunga nani. Ni daftari la mwaka mmoja. Wanaume walianza kupangwa hivi kwa kompyuta Agosti 1973, na wa kwanza kukaa kileleni alikuwa Ilie Năstase wa Romania. Wanawake wakafuata mwaka 1975, akaanza Chris Evert wa Marekani.

Kijana wa mega alinielewa kabla sijamaliza, kwa sababu ndiyo kazi yake. Pointi za tenisi ni mega. Ukinunua mega 1,000 za mwezi, siku ya mwisho zinakatika, uwe umezitumia au hukuzitumia. Pointi 1,000 ulizopata Agosti mwaka huu zinakatika Agosti ijayo, shindano lile lile linaporudi. Ukitaka kubaki pale ulipo, uzipate tena. Watangazaji wanaita hilo "kutetea pointi", na neno hilo linawadanganya watu. Husikika kama vile mtu yumo ndani ya ngome anazuia wezi. Hakuna mwizi. Forfé, yaani bando, imeisha, unanunua nyingine.

Kwa hiyo rudi kwa Mboko. Mwaka 2024 hakuwa kwenye jedwali kuu la US Open. Hakuwa na kitu cha kukatika pale. Alipopigwa raundi ya kwanza mwaka 2025, hakupoteza pointi hata moja. Kinyume chake aliongeza zile 10 za kuonekana mlangoni. Ndiyo sababu "hawakumrudisha". Hesabu yake ngumu ni ya Agosti 2026, zile 1,000 za Montréal zinapofika mwisho. Wiki hiyo shindano la wanawake linachezewa Toronto, maana miji hiyo miwili hupokezana. Akitolewa mapema anashuka, hata kama ameamka na mkono mzuri kuliko mwaka uliopita.

Mfano mkali wa hilo ni Emma Raducanu wa Uingereza. Mwaka 2021, akiwa wa 150 duniani, alianzia kwenye mchujo wa US Open, akashinda mechi 10 mfululizo bila kupoteza seti moja, akachukua kombe. Mwaka mmoja baadaye akarudi New York akiwa wa 11, akapigwa raundi ya kwanza na Alizé Cornet. Zile 2,000 zikakatika kwa siku moja. Akaanguka mpaka nafasi ya 83. Magazeti yaliandika kana kwamba binti amesahau kushika raketi. Mega zilikuwa zimeisha, basi.

Upande wa pili kuna kisa kinachoshangaza hata wapenzi wa zamani. Novak Djokovic alishinda Wimbledon ya 2022, na Jumatatu yake akashuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7. Alishinda, akashuka! Mwaka huo Wimbledon ilikuwa imewazuia wachezaji wa Urusi na Belarusi kwa sababu ya vita vya Ukraine, na vyama vya wachezaji, ATP cha wanaume na WTA cha wanawake, vikajibu kwa kuondoa pointi zote za shindano hilo. Kombe lilikuwepo, pesa zilikuwepo, pointi sifuri. Zile 2,000 za Djokovic za mwaka 2021 zikakatika kwa tarehe yake, na hakukuwa na za kuzirudisha. Elena Rybakina, bingwa wa wanawake, aliamka akiwa pale pale alipolala, nafasi ya 23.

Papa wa koti la sufu hakulipenda jambo hili. "Sasa namba moya si mukubwa wa bote?" Si lazima, papa. Namba moja ni yule aliyekusanya zaidi katika miezi 12. Mara nyingi ndiye mkali kuliko wote, lakini si kwa sababu sheria inasema hivyo. Ons Jabeur wa Tunisia alifika namba 2 duniani Juni 2022 kabla hajacheza hata fainali moja ya Grand Slam. Alishinda Madrid, akashinda Berlin, akaenda mbali kwingine, daftari likajaa. Fainali zilikuja baadaye, Wimbledon na US Open mwaka ule ule, kisha Wimbledon tena mwaka 2023, na zote tatu alizipoteza. Kumwita Jabeur mtu asiyeshinda ni dhambi, kwa maoni yangu. Kabla yake hakuna mwanamke wa Afrika aliyekuwa amegusa fainali ya Grand Slam ya mmoja mmoja tangu mashindano yafunguliwe kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968.

Neno dogo juu ya ile 2-6, 6-4, 6-1, maana kuna aliyesoma akadhani Mboko alianza kwa kushinda. Kila jozi ya namba ni seti moja, na namba ya mshindi wa mechi hutangulia. Alipoteza seti ya kwanza 2-6, akachukua mbili zilizofuata. Wanawake hucheza mpaka mmoja apate seti mbili. Wanaume kwenye Grand Slam, tatu. Ile 15, 30, 40 ni ya kuhesabu ndani ya gemu moja. Kwa nini 40 badala ya 45? Hadithi ziko nyingi, watu wanapenda ile ya mishale ya saa, lakini hakuna aliyeithibitisha. Ipokee kama ilivyo, kama tunavyopokea majina ya ukoo.

Jambo ambalo watu hawalioni kabisa ni mlango. Mtu anaingiaje kwenye shindano? Hununui tiketi ya kucheza, na waziri hawezi kukupigia simu uingie. Jedwali la mmoja mmoja la Grand Slam lina nafasi 128. Wachezaji 104 wanaingia moja kwa moja kwa nafasi zao duniani. 16 wanatoka kwenye mchujo, ambako unacheza mechi tatu ukishinda zote kabla shindano lenyewe halijaanza. 8 wanapewa mwaliko na wenye shindano, wanayemtaka wao. Na mtu aliyejisajili akiumia dakika za mwisho, nafasi yake inachukuliwa na mmoja wa walioshindwa mwishoni mwa mchujo. Huyo anaitwa mshindwa mwenye bahati, na jina lenyewe linachekesha na kutia huruma kwa pamoja.

Mboko alipita milango mitatu ya pembeni katika miezi mitatu ya mwaka 2025. Roland Garros aliingia kwa mchujo, akafika raundi ya tatu. Wimbledon alishindwa kwenye mchujo, mtu akajitoa, akaingia kama mshindwa mwenye bahati, akashinda mechi moja. Montréal aliingia kwa mwaliko, na njiani akawaondoa mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Coco Gauff, Rybakina na Osaka. Dhidi ya Rybakina alikuwa pointi moja tu kutoka kupoteza mechi, akaiokoa.

Hapo kwenye mwaliko ndipo papa alikuwa na nusu ya haki yake. Makuta ya Kanada hayakumpa pointi 1,000. Hakuna anayeweza kuzinunua. Lakini Kanada ina shindano kubwa nyumbani, na mwenye shindano hugawa mialiko kwa watoto wake kwanza. Grand Slam nne ni za Australia, Ufaransa, Uingereza na Marekani, na mialiko yao mingi inabaki kwa raia wao. Sisi tunagombana mtandaoni kwamba binti huyu "ametukana asili" kwa kuchezea Kanada. Wiki hadi wiki bendera iliyo mbele ya jina lake haimlipi mshahara wala haimchagui. Inafanya kazi ya timu kwenye mashindano ya nchi kwa nchi, kama Billie Jean King Cup ya wanawake, Davis Cup ya wanaume na Olimpiki. Mahali inapomsaidia kweli ni mlangoni, kwa mwaliko, na kabla ya hapo utotoni, kwenye viwanja vyenye paa na makocha wa shirikisho. Na tusisahau Katiba yetu wenyewe ya 2006, ibara ya 10: uraia wa Kongo ni mmoja, hauchanganywi na mwingine. Kumdai achague, wakati mkononi hatuna shindano wala kiwanja cha kumpa, naona ni haraka mno.

Vijana wengi wanadhani pesa za tenisi ni zile wanazoziona kwenye televisheni: Mboko Montréal alipata zaidi ya dola 750,000, bingwa wa US Open 2025 alipata dola milioni 5. Ni kweli. Tena aliyepigwa raundi ya kwanza kwenye US Open hiyo aliondoka na dola 110,000. Ndiyo maana utasikia wachezaji wanaihesabu nafasi ya 100 kama mstari wa maisha. Ukiwa juu yake kidogo, Grand Slam nne zinakufungulia mlango moja kwa moja, na hata ukipoteza mechi zote nne una pesa ya kumlipa kocha mwaka mzima. Ukiwa wa 250, hakuna anayekuita.

Lakini hebu tumtume kijana wa Lubumbashi akaanze. Ngazi ya kwanza kwa wanaume ni mashindano ya dola 15,000. Hizo si za bingwa, ni za watu wote wakigawana. Bingwa anapata kama dola 2,000 na pointi 15. Anayetoka raundi ya kwanza anapata dola 150 na kitu. Mashindano hayo hapa Afrika yanafanyika karibu mfululizo Monastir kule Tunisia na Sharm el-Sheikh kule Misri. Tuseme tiketi ya kutoka Lubumbashi kupitia Addis Ababa ni dola 1,200 kwenda na kurudi, hoteli na chakula dola 60 kwa siku kwa siku 7, kufunga nyuzi za raketi na visa dola 150. Jumla ni 1,770. Akichukua kombe, kabla ya kodi ambayo hukatwa huko huko, amebakiwa na pesa ya mifuko michache ya unga. Akipoteza siku ya kwanza, amechimba shimo la dola 1,600 kwa saa moja na nusu ya mchezo. Kocha bado hatujamweka. Na ili afikie pointi 1,000 kwa ngazi hiyo angehitaji makombe 67 katika wiki 52, jambo lisilowezekana hata kwa kalenda.

Mboko mwenyewe alipita huko chini. Mwaka 2025 aliuanza akiwa nje ya 300 bora, akashinda mechi 22 za kwanza za mwaka bila kupoteza, akabeba mataji matano ya mashindano madogo, huko Martinique, Guadeloupe na kwingineko, mbele ya watazamaji wa kuhesabika. Montréal haikutoka mbinguni. Na alikuwa kitinda mimba wa nyumba ambayo kaka na dada zake walikuwa wanacheza tayari. Alikulia pembeni mwa kiwanja akiwaangalia.

Kuna na lile la watoto. Mtu akisikia "bingwa wa Wimbledon wa vijana" anadhani mtu huyo ameshafika. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake, alishinda Wimbledon ya vijana ya wawili wawili mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Sisi wasema Kiswahili tulipiga vigelegele, na ilistahili. Baadaye akaenda kucheza na kusoma chuo kikuu cha Auburn, Marekani, na si kwamba alikata tamaa: chuo kinalipa kocha, safari na masomo wakati mwili unakomaa. Jabeur alishinda Roland Garros ya vijana mwaka 2011. Kufika namba 2 kulimchukua miaka 11.

Novemba 2025 Mboko akashinda tena, Hong Kong, shindano la 250. Nilipopita kununua mega, kijana alikuwa ameshapiga hesabu. "Zile 250 zitakatika mwezi wa kumi na moja wa mwaka kesho." Nikamwambia ndiyo. "Na akinunua zingine mbele ya zile kuisha, zinaungana tarehe?" Hapana. Kila fungu lina tarehe yake. Akasikitika kidogo, maana mega zake zina huruma hiyo.

Papa wa koti alikuwepo, safari hii bila koti, mvua zimeshaanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Na ule aliyekuwa wa 24 mbele yake, yeye alifanya mubaya gani?"

Hakufanya kitu, papa. Huenda alikuwa amelala. Mtu akiruka nafasi 61, kuna watu kama 61 wanaosukumwa hatua moja nyuma bila kugusa raketi.

"Ah," akasema papa, "kama foleni ya mafuta," akarudisha simu mfukoni.